Kuzimua Rangi Nzito za Akriliki kwa Kupaka Vijisanamu

Rangi ya akriliki itokayo kwenye tyubu au kichupa mara nyingi huwa nzito mno kwa kijisanamu chenye kimo cha milimita 28. Kimo hicho ndicho kinachotumiwa sana katika michezo ya vita ya mezani, na ndani yake mchongaji huwa ameingiza macho, vidole, mikunjo ya nguo, vifungo na pete za deraya. Nyingi ya alama hizo hazina kina cha hata nusu milimita. Koti moja la rangi nzito huzijaza zote, na uso uliochongwa kwa uangalifu hubaki bonge lisilo na jicho wala mdomo.

Hesabu ndogo huonyesha ukubwa wa tatizo. Modeli ya kipimo cha 1 kwa 72 imepunguzwa mara 72 kutoka ukubwa wa kitu halisi. Utando wa rangi wenye unene wa milimita 0.1 si kitu juu ya mlango wa nyumba, lakini juu ya modeli hiyo ni sawa na ganda la milimita 7.2 juu ya kitu halisi. Kwa kifaru au lori la kipimo cha 1 kwa 35, utando huohuo ni sawa na milimita 3.5. Ndiyo maana wapakaji wa vijisanamu hushika kanuni moja kabla ya nyingine zote: makoti mawili au matatu mepesi ni bora kuliko koti moja zito.

Ili koti liwe jepesi, rangi huzimuliwa. Wengi hudhani kuzimua ni kuongeza maji tu, kisha wakashangaa rangi inapokimbilia mashimoni, inapoacha michirizi au inapotoka kwa kuguswa na kidole. Sababu ni kwamba rangi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu kadhaa, na kila kinachoongezwa hupunguza baadhi ya vitu hivyo na kuviacha vingine. Kuzimua vizuri ni kujua kwanza nini kinatakiwa kipungue.

Rangi ya akriliki ina viungo vikuu vitatu. Cha kwanza ni chembe za rangi, yaani unga laini sana unaotoa wekundu, ubuluu au weupe. Cha pili ni gundi, ambayo ni chembe ndogo za plastiki ya akriliki zilizotawanyika majini. Cha tatu ni maji yenyewe. Juu ya hivyo kuna viongezi vya kiasi kidogo: vya kuzuia povu, vya kuzuia ukungu, vya kufanya rangi iwe nzito na vya kuisaidia kusambaa. Mafundi wa nyumba huiweka rangi ya namna hii katika kundi la rangi za maji, tofauti na rangi za mafuta.

Historia ya gundi hiyo ilianzia Ujerumani. Mwaka 1901 mkemia Otto Röhm alitoa tasnifu yake ya udaktari kuhusu mazao ya asidi ya akriliki, na mwaka 1907 yeye na Otto Haas wakaanzisha kampuni yao. Mwaka 1953 kampuni ya Rohm and Haas ya Philadelphia, Marekani, ilitoa emalsheni ya akriliki, yaani gundi hiyo ikiwa imetawanyika majini, kwa ajili ya rangi za nyumba. Mwaka 1955 ikaja Liquitex, rangi ya akriliki ya kuchanganywa na maji iliyotengenezwa kwa wachoraji na Henry Levison wa Cincinnati. Wapakaji wa modeli waliendelea kwa miaka mingi na rangi za enameli, ambazo zilihitaji spiriti ya madini na zilichukua saa nyingi kukauka. Akriliki zilikuja kuzishinda kwa sababu hukauka kwa dakika, hazina harufu kali, na brashi huoshwa kwa maji.

Namna akriliki inavyokauka ndiyo ufunguo wa kuizimua. Koti likiwa bichi, chembe za plastiki zinaelea mbalimbali ndani ya maji. Maji yanapopaa, chembe hizo husogeleana, hugusana, kisha hubanana na kuungana kuwa utando mmoja unaozishika chembe za rangi ndani yake. Utando huo ukishakamilika hauyeyuki tena kwa maji. Hapo ndipo akriliki inapotofautiana na rangi ya maji ya wachoraji wa karatasi, ambayo gundi yake hutoka kwenye mti na hulainika tena kila inapoloweshwa. Kwa mpakaji wa vijisanamu tofauti hiyo ni faida kubwa: koti la pili halivurugi la kwanza, mradi la kwanza limekauka kweli.

Kutokana na hayo, athari ya maji ni rahisi kuifuata. Maji hupunguza kila kitu kwa pamoja. Rangi huwa nyepesi kutiririka, chembe za rangi huwa chache katika kila tone, na gundi nayo huwa chache. Kwa kiasi cha wastani hilo halidhuru kitu. Yakizidi, chembe za plastiki huwa mbali sana hata maji yanapokwisha haziwezi kuungana kuwa utando kamili. Kinachobaki juu ya kijisanamu ni vumbi la rangi lililoshikwa nusu nusu, ambalo hutoka kwa kidole au kwa brashi ya koti linalofuata. Kanuni inayotajwa sana ni kwamba maji yasizidi nusu ya mchanganyiko. Anayehitaji rangi nyepesi zaidi ya hapo huongeza kitu chenye gundi.

Kitu hicho huitwa midiamu. Ni gundi ileile ya akriliki iliyotengenezwa bila chembe za rangi. Ikiongezwa, rangi hupungua nguvu na kuanza kupenyeza mwanga, lakini gundi haipungui, kwa hiyo utando hubaki imara. Zipo midiamu za kung'aa na zisizong'aa. Ile isiyong'aa ina unga mwembamba wa kufifisha mng'ao, na unga huo ukirundikana huonekana kama ukungu mweupe juu ya rangi nyeusi au buluu nzito. Midiamu nyingine ni nzito kama rangi yenyewe, hivyo mchanganyiko huhitaji midiamu pamoja na maji kidogo: midiamu kwa ajili ya gundi, maji kwa ajili ya wepesi. Watengenezaji wa rangi za modeli huuza pia thina za akriliki, ambazo kwa kawaida ni maji, gundi kidogo na viongezi vya kusambaza.

Kuna tatizo jingine ambalo maji na midiamu havilitatui. Maji yana mvutano mkubwa wa uso, na kwa sababu hiyo hujikusanya kuwa matone badala ya kulala sawasawa juu ya plastiki. Rangi iliyozimuliwa kwa maji matupu huonyesha tabia hiyo: huruka sehemu za juu na kukimbilia mabondeni. Dawa yake ni kiongezi cha kusambaza, chenye kazi ileile ya sabuni, yaani kuvunja mvutano huo. Huwekwa matone machache katika kikombe cha maji ya kuzimulia, si moja kwa moja ndani ya rangi, maana kikizidi rangi husambaa bila kuzuilika na huchelewa kushika. Baadhi ya wapakaji hutumia tone la sabuni ya vyombo. Inasaidia kidogo, lakini hutoa povu, na mabaki yake hudhoofisha utando.

Kiongezi kingine ni cha kuchelewesha ukaukaji. Hiki hushikilia maji yasipae haraka, na hutoa muda wa kuchanganya rangi mbili juu ya kijisanamu chenyewe, kwa mfano kutoka wekundu wa shavu hadi rangi ya paji la uso. Kipimo chake ni kidogo, kisizidi sehemu moja kwa kumi ya rangi. Kikizidi, koti hubaki likinata kwa muda mrefu na kukusanya vumbi.

Jambo moja huhitaji tahadhari katika maduka ya rangi. Kinachouzwa huko kwa jina la thina kwa kawaida ni cha rangi za mafuta au rangi za magari. Kikichanganywa na akriliki ya maji, gundi huganda mabongebonge na rangi huharibika hapohapo. Thina ya rangi za magari hufanya zaidi ya hilo: huyeyusha plastiki ya polistireni ambayo vijisanamu na modeli nyingi hutengenezwa kwayo. Spiriti na alkoholi nyingine nazo hazifai kwa kila akriliki. Rangi za Tamiya za Japani, ambazo huitwa akriliki lakini zina viyeyushi vya jamii ya alkoholi ndani yake, huzimuliwa vizuri kwa thina ya kampuni yenyewe au kwa alkoholi. Akriliki nyingi nyingine zikikutana na alkoholi nyingi huganda. Anayetaka kujaribu hufanya hivyo kwa tone moja kwenye kifuniko cha chupa, wala si ndani ya kichupa kizima.

Maji nayo si yote sawa. Maji ya bomba yanatosha mahali pengi. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yanayopatikana katika sehemu nyingi za pwani, huacha madoa meupe yanapokauka, hasa katika makoti mepesi sana ya rangi nyeusi. Maji ya kunywa ya chupa au ya mvua yaliyochujwa huondoa tatizo hilo.

Uzito wa rangi kabla ya kuzimuliwa hutofautiana sana. Rangi za tyubu za wachoraji hutengenezwa makusudi ziwe nzito, zishike alama za brashi juu ya turubai. Zina chembe nyingi za rangi na gundi nyingi, kwa hiyo hustahimili kuzimuliwa kuliko rangi nyingine zozote. Ubaya wake ni kwamba haziwezi kupakwa kijisanamu bila kuzimuliwa. Rangi za bei nafuu za kazi za mikono zina unga wa kujazia na chembe kubwa kidogo, na zikizimuliwa sana huonyesha mchanga mchanga. Rangi zilizotengenezwa mahsusi kwa vijisanamu, kama Citadel ya kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, au zile za Vallejo za Hispania, zina chembe zilizosagwa laini na huhitaji kuzimuliwa kidogo. Hata hivyo huhitaji, kwani kichupa kilichokaa dukani au kilichofunguliwa mara nyingi hupoteza maji.

Kazi huanza kabla ya maji kugusa rangi. Chembe za rangi ni nzito kuliko gundi, na katika kichupa kilichotulia huzama chini. Kichupa hutikiswa kwa dakika moja au mbili, na golori ya chuma kisichoshika kutu au ya kioo iliyotiwa ndani husaidia kuvunja mabonge. Rangi isiyotikiswa hutoa kwanza gundi tupu yenye rangi hafifu. Anayeipaka hudhani ameizimua kupita kiasi, kumbe hajaichanganya.

Baada ya hapo rangi hutolewa kwenye paleti, wala haizimuliwi ndani ya kichupa. Kwa rangi ya tyubu, maji huongezwa kidogo kidogo. Tone la kwanza hukandwa na rangi mpaka uji usio na vidonge upatikane, ndipo tone la pili linapofuata. Kumwaga maji yote kwa pamoja huacha vipande vya rangi vikielea, na vipande hivyo huonekana kama chunusi juu ya kijisanamu. Kuchanganya hufanywa kwa brashi kuukuu au kijiti, kwa sababu brashi nzuri ya ncha huharibika rangi inapopanda hadi kwenye shingo yake ya bati.

Vipimo vya kuanzia ni hivi. Kwa koti la msingi, rangi ya kichupa huchukua sehemu mbili kwa sehemu moja ya maji, na rangi ya tyubu huchukua sehemu moja kwa moja. Kwa makoti ya juu ya kuongeza mwanga, hata rangi ya kichupa hufikia sehemu moja kwa moja. Kwa koti linalopenyeza mwanga, linaloitwa glezi, ni sehemu moja ya rangi kwa nne au zaidi za maji na midiamu. Vipimo hivyo ni vya kuanzia tu, kwa sababu unywevu wa brashi peke yake unaweza kuubadilisha mchanganyiko wa matone mawili.

Jicho ndilo linalohitimisha. Kipimo kinachotajwa na wapakaji wengi ni maziwa: rangi ikivutwa kwa brashi kwenye ukingo wa paleti uliosimama, irudi chini taratibu na kuacha nyuma yake utando mwembamba, kama maziwa yanavyofanya kwenye ukuta wa glasi. Ikibaki juu bila kushuka ni nzito. Ikishuka mbio bila kuacha kitu imezidi maji. Jaribio la pili hufanywa kwenye ukucha wa kidole gumba. Mstari mmoja hupigwa, na hutazamwa kama umefunika bila michirizi na kama umebaki mahali ulipowekwa.

Hata rangi iliyozimuliwa sawasawa huharibu kazi brashi ikiwa imejaa kupita kiasi. Brashi huchovywa kwenye rangi hadi nusu ya nywele zake, kisha hufutwa kwenye ukingo wa paleti au huguswa kwenye tishu, ndipo huenda kwenye kijisanamu. Kadiri rangi inavyokuwa nyepesi, ndivyo brashi inavyofutwa zaidi. Makosa mengi yanayolaumiwa kwenye maji hutokana na hatua hii kurukwa.

Sehemu ya kupakwa nayo ina lake. Rangi nyepesi haishiki plastiki laini, madini wala resini isiyoandaliwa. Kijisanamu huoshwa kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani yaliyotumika kukitoa kwenye kalibu, huachwa kikauke, kisha hupigwa praima. Praima hukipa uso ukwaruzo mdogo ambao rangi nyepesi hushika. Pasipo praima, rangi iliyozimuliwa hujikunja kuwa matone na kuacha sehemu tupu, na hakuna kipimo cha maji kitakachoirekebisha.

Kila aina ya koti hutaka uzimuaji wake. Koti la msingi hutaka kufunika, kwa hiyo chembe za rangi zisipungue sana. Maji kidogo yanatosha, na ufunikaji hupatikana kwa kurudia mara mbili au tatu. Koti la kwanza karibu kila mara huonekana bovu, lenye madoa na sehemu zinazoonyesha praima. Kulirudia likiwa bichi hung'oa rangi iliyoanza kushika na kuacha makovu. Linapokauka, ambayo huchukua takriban dakika 10 hadi 20, koti la pili huziba mapengo bila shida.

Glezi kazi yake ni nyingine. Inabadilisha rangi iliyo chini kidogo kidogo, kwa mfano kuongeza uzambarau kwenye kivuli cha joho jekundu. Hapa chembe zinatakiwa ziwe chache na gundi ibaki, kwa hivyo midiamu huchukua nafasi kubwa ya maji. Brashi hufutwa mpaka ibaki na unyevu tu, na huvutwa kuelekea pale rangi inapotakiwa kuwa nzito zaidi, kwa sababu rangi nyingi huachwa brashi inaponyanyuliwa.

Woshi ni kinyume cha glezi. Hapo rangi hutakiwa ikimbilie mabondeni, itulie kwenye mikunjo na kuacha vilele vikiwa safi, na kivuli hujitokeza chenyewe. Mvutano wa uso ukivunjwa kwa kiongezi cha kusambaza, rangi hufika hadi kwenye ufa mdogo kabisa. Woshi ya maji matupu huacha pete: ukingo mweusi kuzunguka doa hafifu. Chanzo chake ni kilekile cha duara la kahawa juu ya meza, ambacho watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza mwaka 1997 katika jarida la Nature. Ukingo wa tone hukauka haraka kuliko katikati, maji ya katikati hutiririka kwenda kuufidia, nayo hubeba chembe hadi ukingoni na kuziacha huko. Midiamu hupunguza kasi ya mtiririko huo. Palipotokea dimbwi, brashi safi yenye unyevu hulifyonza kabla halijakauka.

Ushahidi kwamba kuzimua ni suala la kuchagua kinachopungua ulikuja madukani mwaka 2019, Citadel ilipotoa rangi za Contrast. Rangi hizo ni nyepesi kutoka kichupani, zina nguvu kubwa ya rangi na midiamu nyingi, na koti moja juu ya praima nyeupe hutoa rangi, kivuli na mwanga kwa pamoja. Anayezizimua kwa maji huvunja mpango huo, rangi ikaacha madoa. Zikizimuliwa kwa midiamu yake, hupungua nguvu bila kupoteza tabia.

Rangi zenyewe hazifanani. Nyeusi ya kaboni na rangi za oksidi ya chuma, kama hudhurungi na manjano ya udongo, hufunika vizuri hata zikizimuliwa sana. Manjano angavu, machungwa na baadhi ya nyekundu hupenyeza mwanga kwa asili, na zikizimuliwa kama nyeusi huhitaji makoti mengi. Wapakaji hawaongezi unene wa rangi hizo. Hubadilisha kilicho chini yake: manjano hupakwa juu ya waridi au hudhurungi hafifu, na nyekundu juu ya hudhurungi ya joto, si juu ya nyeusi. Nyeupe hufunika, lakini hukauka chaki chaki ikiwa nzito, hivyo huenda kwa makoti mepesi mengi, mara nyingi ikianzia kijivu hafifu. Rangi za madini kama dhahabu na fedha zina vipande bapa vinavyong'aa. Katika maji mengi vipande hivyo hutawanyika na kuzama, kwa hiyo huzimuliwa kwa midiamu na kukorogwa mara kwa mara.

Mchanganyiko uliopatikana kwa shida hupotea upesi kwenye paleti kavu, kwa sababu tone dogo hukauka baada ya dakika chache. Paleti yenye unyevu hulizuia hilo. Huhitaji kisanduku bapa chenye mfuniko, sponji nyembamba au tabaka kadhaa za tishu za jikoni zilizoloweshwa, na karatasi ya kuokea juu yake. Maji hupenya karatasi polepole na kuifanya rangi ibaki hai kwa saa nyingi, na mfuniko ukifungwa, hata kwa siku kadhaa. Tahadhari ni moja: paleti hiyo huendelea kuzimua. Sponji ikijaa maji hadi karatasi ikaelea, rangi iliyowekwa sawasawa asubuhi huwa maji matupu mchana. Sponji huwa na unyevu wa kutosha pale karatasi inapolala bapa bila dimbwi juu yake. Nayo husafishwa kila baada ya siku chache, kwani maji yaliyotuama humea ukungu.

Hali ya hewa hubadilisha vipimo vyote vilivyotajwa. Kwenye joto kali na feni inayovuma, rangi hukauka juu ya brashi kabla haijafika kwenye kijisanamu, na maji kidogo zaidi au kiongezi cha kuchelewesha huhitajika. Kwenye unyevunyevu wa pwani makoti huchelewa kukauka, na subira kati ya koti na koti huwa ndefu. Kwenye baridi kali, chini ya takriban nyuzi 9 za Selsiasi, chembe nyingi za akriliki huwa ngumu mno kuungana, na utando hupasuka au hubaki dhaifu.

Bunduki ndogo ya kupulizia rangi hutaka uzimuaji mkubwa kuliko brashi. Tundu lake mara nyingi huwa na upana wa milimita 0.2 hadi 0.5, na bonge lisiloonekana kwa jicho hutosha kuliziba. Rangi huzimuliwa sehemu moja kwa moja au kwa mbili kwa thina ya kupulizia, huchujwa kwa kitambaa chembamba, na hujaribiwa kwenye karatasi. Ikitoka kwa matone yaliyotapakaa, ni nzito au hewa haitoshi. Ikitoka na kuchora mikondo kama miguu ya buibui, imezidi wepesi au bunduki imekaribia mno. Rangi inayokauka kwenye ncha ya sindano hupunguzwa kwa kiongezi cha kuchelewesha. Kinga ya pua na mdomo huvaliwa, na dirisha huwa wazi.

Kichupa kilichokuwa kizito kinaweza kuokolewa mradi rangi yake bado inakubali kukorogwa. Matone machache ya maji na midiamu huongezwa, golori hutiwa, kichupa hutikiswa na kuachwa usiku mmoja, kisha hutikiswa tena. Rangi iliyokwisha kuwa mpira haiokoleki, maana utando ukishaungana maji hayaurudishi. Vifuniko hufutwa kabla ya kufungwa, kwa kuwa ganda la rangi kavu kwenye shingo ya kichupa ndilo linalopitisha hewa na kuanzisha ukaukaji.

Usafi wa mpakaji ni sehemu ya kazi. Tabia ya kunyoosha ncha ya brashi mdomoni huachwa, hasa kwa rangi za wachoraji, ambazo baadhi yake zina kadimiamu au kobalti. Mabaki kwenye paleti hufutwa kwa tishu na kutupwa kwenye taka badala ya kuoshwa sinki, kwani akriliki iliyokauka ni plastiki na huziba mabomba.

Hatua ya mwisho ni vanishi, nayo hufuata kanuni zilezile. Makoti mepesi yaliyozimuliwa huziba vinyweleo na kuimarisha glezi na woshi ambazo gundi yake ilikuwa chache, na kijisanamu huwa tayari kushikwa mkononi na kusogezwa mezani. Vanishi isiyong'aa hutikiswa kuliko rangi yoyote, kwa sababu unga wake wa kufifisha hukaa chini ya kichupa. Ikipakwa nzito huacha weupe kwenye mikunjo, hivyo hupakwa mara mbili kwa wepesi, koti la pili likisubiri la kwanza likauke kabisa.